Alale Kabla Hajafika

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira, na sitaki hasira ndiyo iandike. Nianze na nilichokiona.

Asubuhi nesi alikuwa akimkabidhi baba mmoja kichupa cha dawa ya usingizi. Ampe mtoto nyumbani, kabla hawajatoka. Kumbe ndivyo kliniki hii ya meno inavyofanya! Mtoto anafika kalegea, kelele hakuna, kiti hakisubiri mtu. Na akizidiwa njiani, mgongoni mwa mama yake, nani atajua?

Nikamwendea Mkuu, mwenye kliniki. Akacheka. Daktari, akasema, acha vitabu vyako. Hapa mtoto mmoja akipiga yowe, wote walioko mapokezi wanatafuta mlango. Miaka yote hii, umesikia nani kafa?

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani. Kwamba hakuna aliyekufa — ni ushahidi wa usalama, au wa bahati? Mimi nilisomea kwenye hospitali yenye kila mashine. Huenda naidai kliniki ndogo mambo makubwa. Lakini koo la mtoto ni lile lile, huku na kule.

Jumanne, 4 Machi

Fundi cherehani wa jengo la pili amemleta binti yake wa miaka minne. Wanamwita Malkia, kwa jinsi anavyoamrisha watu. Leo hakuamrisha mtu. Magego mawili yameoza hadi ndani. Kula hali, kulala halali.

Kwingine walimshika watu wanne, wakamng'oa jino kabla ganzi haijashika. Wanne! Kwa kiumbe kile! Sasa akiona koti jeupe anaanza kutetemeka. Nikalivua koti langu.

"Daktari, mimi nataka alale tu," mama yake akasema. "Asijue lolote."

"Usiku anakoroma?"

"Kama baba yake! Majirani ndiyo saa yao ya kuamkia."

Sikucheka. Akoromaye hivyo, njia yake ya hewa ni finyu, na dawa ya usingizi yaweza kuiziba kabisa. Nikamweleza: jeli ya ganzi kwanza, kisha sindano polepole, yeye mwenyewe akiwa amempakata, jino moja kwa siku. Ikishindikana, hospitali kubwa, kwa mtaalamu wa usingizi. Tukakubaliana keshokutwa. Nesi alikuwapo, alisikia. Mkuu naye nikamwambia.

"Tukianza kuwakataa wanaokoroma, tutabaki na nani?" Kisha, akiangalia simu yake: "Sawa, sawa."

Jumatano, 5 Machi

Nimelala vibaya. Pengine woga wangu ndio unaomnyima mtoto nafuu. Penye usaha ganzi huweza kugoma. Akipiga kelele, je, nami nitakuwa mtu wa tano wa kumshika? Nimesoma upya. Bado naona vile vile.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika wodini, hospitali kubwa. Jioni.

Mama alifika na mtoto mgongoni. Amelala! Kichwa kimening'inia nyuma, midomo rangi ya majivu. "Leo hajanisumbua hata kidogo," akasema, uso umemnawiri. Jana Mkuu alimtuma nesi ampelekee kichupa, hadi kwenye cherehani yake. Dozi ya kwanza mtoto aliitema, basi mama akampa nyingine — maana nesi alisisitiza asifike akiwa macho.

Jana! Baada ya "sawa, sawa"!

Mkuu akachungulia mlangoni. "Si kalala huyo? Ng'oa yote mawili, tumalize."

Nilikuwa nimeshamwinua kidevu. Kukoroma kulikuwa kumekoma, na huo ukimya ndio ulionitisha. Kipimo cha oksijeni kidoleni mwake kilikuwa kinashuka. Nikimwinua kidevu, kinapanda. Nikilegeza mkono, kinashuka. Nesi alikuwa analia, ila barakoa ya oksijeni aliishika barabara. Nikamwambia Mkuu aite ambulensi. Kwa mtoto aliyelala? akauliza. Nikampigia kelele — mimi, nisiyejua kupiga kelele! — na dada wa mapokezi ndiye aliyeita.

Sasa Malkia anapumua bila msaada. Mkuu amenipigia mara kadhaa. Anataka tuelewane: mama ndiye aliyezidisha dozi, basi. Ni kweli alizidisha. Ndiyo maana uongo huu unanichoma, una kipande cha ukweli ndani yake. Nimejiuliza kama namwonea Mkuu. Nimetafuta hoja ya kumtetea, kwa dhati kabisa. Sijaipata.

Mama hajui habari za simu hizo. Yeye anarudia tu, ni mimi, daktari, kwa mikono yangu hii.

Punde mtoto akafumbua macho. Akatazama dari, akatazama mama yake, akashika shavu.

"Mama, linauma."

Baada ya yote haya, jino liko pale pale! Muuguzi wa wodi akampima uzito, akapima dawa ya maumivu, akamkabidhi mama kijiko. Akakishusha kabla hakijafika mdomoni. Dawa ikamwagikia shuka.

"Mpe wewe," akaniambia. "Mimi siwezi tena."

Muuguzi akapima nyingine, nikampa mimi, kidogo kidogo. Mama hakuangalia kijiko. Aliangalia kifua cha mtoto, kinavyopanda na kushuka.

Simu inaita tena. Iko kitandani, na mama ameona ni nani.

"Pokea, daktari," anasema. "Weka spika, na mimi nisikie."