Neno Ulilotaka Kusema Siku ya Ile Motokari

Papa yangu mpendwa,

Ile motokari mliyoingoja imeanza kutembea barabarani. Jana Fiston alipita hapa nyumbani na simu yake, akanionyesha tajiri mmoja wa huko Ulaya akiitoa ya kwake polepole kwenye geti la kiwanda. Niliitazama mpaka mwisho kwa ajili yako. Fiston akairudisha simu mfukoni, akaniita kama mkubwa wake, "Yaya Ngoie, sasa tutamuonyesha nani?" Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka safari ya Kapolowe? Nilikuwa bado mdogo, nawe ulikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha shaba hapa Shituru. Tulikuwa na ile motokari ya kahawia uliyoinunua ikiwa imeshazeeka. Ulimwapia Mama kwamba utakwenda taratibu. Barabara iliponyooka ukashusha kioo, ukaniambia, "Sikiliza mashini," ukakanyaga. Lori la mahindi tulilipita kama limesimama. Mama alishika rozari kwa mkono mmoja, kola ya shati lako kwa mwingine, akapiga kelele, "Papa Ngoie, utatuua!" Wewe ulicheka mpaka machozi yakakutoka. Tulirudi na samaki, injini ikifuka moshi, na Mama hakukusemesha siku kadhaa. Mimi nilitaka turudi tena kesho yake.

Ile motokari ilikufa, pensheni ikaja kwa kudonadona, hukupata nyingine. Lakini kila Jumapili baada ya misa viti vilitolewa uani, na mkutano wenu ukaanza: wewe, Papa Kalenga aliyeendesha treni maisha yake yote, na Fiston anayetengeneza pikipiki karibu na soko. Fiston ndiye aliyeleta habari. Kiwanda fulani cha Ulaya kingetoa motokari ya mbio, chache tu kisha basi, yenye silinda kumi na mbili, isiyosaidiwa na betri hata kidogo. Ulimnyang'anya simu.

"Ya mwisho ya namna hii," ulisema. "Kisha ile, zote zitakuwa za betri, kimya sawa frigo ya kupozea maji."

Tangu siku hiyo mlingoja kama watu wanaongoja mtoto kuzaliwa. Kiwanda kilikuwa kinatoa picha kidogo kidogo: taa moja gizani, ukingo wa mlango, umbo zima chini ya kitambaa. Mligombana juu ya kile kitambaa! Papa Kalenga alishikilia kwamba itakuwa nyeusi. Mama alipita na sinia ya mihogo, akauliza, "Na mutainunua na nini?" Ukamjibu bila kukasirika, "Hatuinunue, tunaingojea. Tena shaba yetu iko mule ndani. Pengine ile yenye ilipita mu mikono yangu." Hakuna aliyecheka. Nilikutazama ukiwa umeketi pale na ndala zako, nikaona unaamini kabisa kwamba una sehemu yako katika kitu kile.

Wakaahirisha uzinduzi. Ulisema, "Tubaachie, beko natengeneza bintu bizuri," ukiwatetea kwamba vitu vizuri havitengenezwi kwa haraka. Wakaahirisha tena, na safari hii ukamrudishia Fiston simu yake.

Kisha asubuhi moja ulikuwa unanyoa ndevu uani, Mama akasikia beseni likianguka. Tulikukuta chini, upande mmoja wa uso una povu la sabuni, upande mwingine umeshuka. Hospitalini daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Nilimuuliza tufanye nini. Akasema tungoje. Tulingoja. Mkono wako wa kulia haukurudi, mguu haukurudi, na maneno hayakurudi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, Papa. Kila mwaka wanakuja watoto hawajui hata herufi moja, na wanaondoka wanasoma. Kwa hiyo nilifikiri nitaweza. Niliketi mbele yako, nikafungua mdomo wangu wazi: a, e, i. Ulijaribu. Ilitoka sauti moja nzito, na ukaisikia mwenyewe. Machozi yakakushuka, ukageuza uso usinione. Sikurudia tena. Nilikwenda jikoni, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya uzinduzi ilipofika, ilikuwa Jumamosi mchana. Umeme haukuwepo, lakini Fiston alikuwa amebeba betri ya motokari kwenye pikipiki kutoka karakana, simu isije ikazimika. Papa Kalenga alivaa koti lake la misa. Tulikuketisha kitandani kwa mito, Mama akakaa ubavuni mwako. Kitambaa kilianza kuinuka, mtandao ukakwama. Tukabaki tunatazama nusu ya gurudumu. "Kuya, mama, kuya," Fiston aliiambia simu ije, kama anabembeleza mbuzi. Ikarudi. Na ilikuwa pale, Papa, nyekundu ya kuiva, iko chini kama mnyama aliyelala. Wakawasha injini. Papa Kalenga alivua kofia. Mtangazaji akasema zote zimeshapata wenyewe, tangu kabla ya kuonyeshwa.

"Hata moja haikubakia," Fiston alisema, akacheka peke yake.

Hapo ndipo uliponishika mkono kwa mkono wako wa kushoto. Sikujua bado una nguvu vile. Ulinitazama machoni ukasema, "Ma... ma..."

Fiston aliruka. "Anasema mashini! Ameisikia!"

"Hapana," Papa Kalenga alisema kwa sauti ya chini. "Anaita mama yake."

Mama akasema, "Maji. Anaomba maji. Ngoie, leta maji."

Nilikuuliza moja moja. Mashini? Ukatikisa kichwa kukataa. Mama? Ukatikisa. Unaumwa? Unataka turudie video? Ukaanza kupiga blanketi kwa kiganja, na ile "ma" ikawa inatoka kwa nguvu zaidi, watu wazima wanne tumekuzunguka na hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia ulipokuwa. Kisha ukaniachia mkono. Ukatazama ukutani. Fiston alizima simu, akaanza kufungua nyaya za betri, na hakuna aliyeaga vizuri.

Juma lililofuata ulituacha.

Tangu hapo najaribu maneno. Nikiwa darasani, watoto wakiandika, najikuta naandika ubaoni maneno yanayoanza na ma, mpaka mmoja ananiuliza kama ni zoezi. Najibu ndiyo, nakilini. Papa Kalenga haji tena Jumapili. Amesema magoti yanamuuma. Mama hataki tuzungumzie siku ile. Yeye ana hakika ilikuwa maji, na namwacha na hakika yake, kwa sababu mimi sina yangu.

Maji nilikuletea siku ile, Papa, ulipokuwa umeshageukia ukuta. Nilikuwekea kikombe mdomoni, hukufungua, yakamwagika shingoni, nikayafuta. Kama ndiyo uliyoyataka, nilichelewa. Kama ulitaka kitu kingine, nilikuwa hapo karibu kabisa na sikukujua.

Lala salama, Papa.

Mimi mwanao wa kwanza,
Ngoie