Mwatiko Hawataki Kushikwa

Jumatano, Mfunguo Pili. Mawingu tangu alfajiri, joto la kunata, na roho yangu haijatulia.

Leo nimemkatalia mama mkwe wangu mbele ya mgeni. 

Mume wangu alipokwenda bara na msafara wa pembe za ndovu aliniachia shimo la chumvi lililokufa, lisilovunwa tena, huko nyuma ya mikoko, nami nikaligeuza bwawa. Maji makuu ya bamvua yaliingiza vitoto vya samaki wa mwatiko, nikaziba mlango kwa uzio wa fito, nikawa nawatupia pumba. Wamekua, wamenona. Mtaa ulionicheka sasa unakuja kutazama.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mama mkwe anaogopa kijicho. Mgeni akiwasifu tu, Mama humtaka amshike mmoja kwa mikono miwili na kusema mashallah, ili husuda itoke. Basi tunawaswaga wote kwa wavu mpaka pembeni, wanabanana, wanarukiana, magamba yanabaki kwenye wavu. Kesho yake wawili watatu wanaelea. Mama anasema ni jicho hilo, kwa hiyo wageni wanaofuata nao washike, tena asiachwe mgeni hata mmoja.

Juzi akatamka kwamba wakizidi kufa, bwawa litarudi kuwa la chumvi. Nililia jikoni, sitajisingizia ushujaa. Katika nyumba hii kitu changu ni hicho tu.

Lakini kuna jambo limenikaa kichwani. Wiki iliyopita ilinyesha, njia ya mikokoni ikawa tope tupu, wageni hawakuja. Wavuna chumvi tu ndio waliopita ukingoni, wakasifu kwa sauti kubwa, na hiyo mashallah hawakuisema. Hakufa samaki hata mmoja.

Kwa nini?

Tangu hapo nashinda nimechutama pale kama mtu aliyepoteza pete. Wavu ukishapita, wanakaa juujuu midomo wazi, wanahema. Pumba inaelea mpaka inaoza, hawaigusi. Aliyeshikwa namjua: pale vidole vilipokaa magamba yametoka, na baadaye panakuwa pekundu. Na ule utelezi wao tunaoupangusa kwenye leso tukisema uchafu, labda ndio nguo yao. Au kinachowaua ni kubanana? Au ni hofu tu? Sijui samaki anaogopaje, ila sioni kwa nini asiogope.

Alasiri akaja Bi Salma, shoga yake Mama kutoka Pangani, ameshakunja mikono ya nguo. Wavu ukachukuliwa. Nikaukanyaga.

"Mama, niwie radhi, leo asishike mtu. Mashallah isemwe hapa hapa ukingoni."

Bi Salma akanuna. Mama akanitazama toka utosini hadi kwenye kucha za miguu, nami nikasema moyoni, leo narudishwa kwetu.

"Haya, hashiki mtu," akasema. "Lakini akifa hata mmoja, mwanangu, jicho ni lako. Maana anayeshinda akiwatazama ni wewe."

Kweli nashinda nikiwatazama.

Kabla ya magharibi nikarudi bwawani peke yangu. Wenzake wanagombania pumba, mmoja amejitenga karibu na fito, hali kitu. Ee Mola, kwa nini leo? Nikataka nimtoe mara moja tu, nimgeuze, nimfunue matamvua nijue ana nini. Mimi si kama wao, nilijiambia, mimi nataka kujua tu. Mkono ulikuwa umeshazama mpaka kwenye kiwiko ndipo nikashtuka.

Nikautoa mtupu.

Sasa nimekaa hapa kibarazani, mkono bado unanuka chumvi na bado unawasha. Kama atapona au atakufa, na kama nitaitwa mwenye jicho, kesho nitajua. Ila sitamshika.