Lile Kofi la Asubuhi

Baba Yalpi,

Nimeenda na dada zangu kukata majani ya mkadi ya kusukia mikeka. Samaki yuko mezani, nimemfunika. Mbwa wako asimguse!

Lile kofi la asubuhi ~~ulilistahili~~ halikuwa la ugomvi. Ulikuwa unakoroma, mara pumzi ikakatika. Nikadhani umekufa.

Nesi anasema koo lako limelegea, kupuliza yidaki, lile gogo lako la muziki, kutalikaza. Matanga ya kaka yako yamekwisha, wazee wamekuruhusu kupuliza tena. Gogo lako nimelimwagia maji lisipasuke. Ningelipuliza mwenyewe, ila sisi wanawake haturuhusiwi.

Mwanamume anayepuliza wimbo mzima bila kukata pumzi, leo anashindwa na usingizi?

Kukoroma kwako nimekuzoea. Kimya ndicho nisichokiweza.

Mkeo