Mlima wa Barafu Ulionizuia Kuja kwa Mama

Dada yangu Zaituni,

Shikamoo. Kwanza ujue unaandikiwa na mtu ambaye asipoamka asubuhi, nusu ya Norwe haili samaki. Kiwanda kizima kinanitegemea, na meneja mwenyewe hunipisha mlangoni. Mimi ni mzima, masikio tu ndiyo yanaliwa na baridi. Mama je? Uvimbe wa miguu umepungua? Bado anauliza kila treni ikiingia Kigoma kama nimo? Ningepiga simu, ila ungeisikia sauti yangu, na siku hizi haifai kusikika.

Dada, sitakuja mwezi huu kama nilivyoahidi.

Unajua kibali changu cha kukaa huku kimekwisha. Nikitoka bila kipya siruhusiwi kurudi, na dawa za mama zinatoka kwenye kazi hii. Ofisi iko mji wa kaskazini, safari ya kutwa nzima, na ukikosa saa uliyopewa unaanza foleni upya.

Basi nikapanda basi alfajiri. Barabara inabanwa na mlima huku na maji huku. Barafu inashuka toka juu kama uji uliofurika sufuria ukaganda njiani, na si nyeupe, ina ubluu wa sabuni ya mche. Maji chini yake ni ya kijani, hayanuki dagaa, wala hakuna anayefua. Wenzangu wanapiga picha, mimi naangalia saa. Halafu basi likaingia tumboni mwa kivuko, abiria tukapanda juu.

Hapo ndipo yaliponikuta. Kipande cha barafu kikubwa kuliko stesheni ya Kigoma kilikatika, kikaziba njia. Nahodha akaniita: "Mzee wa Tanganyika, tufanyeje?" Nikamwambia, "Geuza, kijana." Akageuza.

Hivyo ndivyo nilivyosimulia kiwandani. Ndayizeye, yule Mrundi ninayeishi naye, akasema, "Kapteni, mimi nimepita hapo jana, hakuna kitu. Hiyo barafu umeitoa kwa wavuvi wa Katonga, kwenu Kigoma?" Wakacheka mpaka visu vikasimama.

Mimi sikucheka. Ofisini wameniambia nafasi nyingine ni mpaka masika ya kwenu yaishe. Mama ataningoja hadi hapo? Simu yako ikilia naiacha ilie, nikikusanya moyo wa kuipokea inakuwa imeshakatika. Mwambie asiondoke, dada. Mkande miguu kwa mawese ya moto kidogo, mwambie ni mikono yangu. Sina la kufanya kutoka huku, na hilo ndilo linaloniua.

Nisalimie shemeji fundi cherehani, na wanao, waambie mjomba anawakumbuka kwa majina. Na jirani yenu wa Gungu anayemletea mama samaki, migebuka, Mungu amzidishie.

Ni mimi mdogo wako unayenijua,
Ramadhani

Dada, nimeshaifunga bahasha nikaifungua tena. Barafu haikukatika. Kivuko kilipiga honi, kikapunguza mwendo, nami nikabeba begi langu nikasimama ubavuni, nangoja mitumbwi ije kutushusha, kama meli yetu ya Ziwa Tanganyika inapofika vijiji visivyo na gati. Unakumbuka mama alivyokuwa akiifuata meli kwa mtumbwi na beseni lake la ndizi? Bibi mmoja wa Kizungu akaniuliza nangoja nini. Nikamjibu, "Mtumbwi." Akayatazama maji, akaitazama miguu yangu, akaenda zake. Kumbe huku kivuko kinafungua mdomo mbele, basi linatoka na watu wake. Nililiona likipanda kilima bila mimi. Kivuko kikanirudisha nilikotoka.

Msomee mama hapa, najua atacheka, na kicheko kitamfaa kuliko barafu yangu. Akiuliza yule bibi aliona nini miguuni, mwambie tu: nilikuwa nimeshavua viatu na kukunja suruali.