Kona ya Kumi na Tano

Hoenggye, 19 Januari

Mirang mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo, na goti lake je? Umekula? Mimi ni mzima wa mwili tu. Simu yako imezimwa tangu Jumamosi, basi nakuandikia.

Nimetazama video ya mbio zetu za Jumamosi mara kumi na moja. Kona ya kumi na nne tulikuwa tumewazidi wale wa nafasi ya tatu kwa sekunde 0.21. Ya kumi na tano, ukavuta breki. Breki, Mirang! Barafu inaruka nyuma yetu kama tunachimba kisima. Tukamaliza wa nne, na zinazokwenda mashindano ya dunia ni timu tatu.

Mimi nilikuwa dereva wa lori la figili. Hakuna aliyenifundisha kushika kamba za kuongoza sleji, chombo chetu cha kuteleza kwenye barafu. Nimejifunza kwa kupinduka mara thelathini na sita, miaka saba. Wewe kazi zako ni mbili: kusukuma mwanzoni, na kuvuta breki tukishapita mstari. Kona ni kumi na sita. Hata mtoto wa chekechea anafika kumi na sita. Kwa nini?

Dada yako,
Geumhui


Haenam, 24 Januari

Dada Geumhui,

Shikamoo. Sisi wazima, goti la mama linalia baridi ikizidi. Tunavuna kabichi. Naandika kwa kalamu kwa sababu mwanga wa simu unanichoma macho.

Dada, niliposukuma nikaruka ndani, niliinamisha kichwa magotini kama ulivyonifundisha. Humo sioni kitu, nahesabu kwa mgongo: kila tukilalia ukuta, moja. Kona ya tisa tuligonga. Baada ya hapo nikafika kumi na sita, nikavuta. Nilihesabu vibaya. Kosa ni langu.

Kwenye mbio za mita mia nilikuwa mtu wa nafasi ya sita. Wewe ndiye uliyesema, "Nipe hizo mita thelathini zako za mwanzo, zilizobaki niachie mimi." Usinitupe.

Mdogo wako,
Mirang


Hoenggye, 31 Januari

Mirang, bibi kabichi,

Salamu kwa mama. Kaa chini kwanza. Msukumaji wa timu ya tatu amechanika msuli wa paja. Nafasi ni yetu! Kocha Bae anataka ufike tarehe nane. Usishuke chini ya kilo 74. Kula, na ukishiba, kula tena.

Ila kuna jambo linanisumbua. Umesema tuligonga kona ya tisa. Nimerudia video: Jumamosi hatukugonga popote. Tuligonga Ijumaa, mazoezini, helmeti yako ikalia paa! Ukatoka unacheka, "Dada, leo umeegesha vibaya." Umechanganya siku? Nijibu upesi.

Dada yako,
Geumhui


Haenam, 4 Februari

Dada Geumhui,

Shikamoo. Sisi wazima. Tunavuna kabichi. Najua umekasirika, ndiyo maana huniandikii, basi nimeona nianze mimi.

Dada, niliposukuma nikaruka ndani, niliinamisha kichwa magotini kama ulivyonifundisha. Kona ya tisa tuligonga. Nilihesabu vibaya. Kosa ni langu. Usinitupe.

Hivi, tulimaliza wa ngapi?

Mdogo wako,
Mirang


Hoenggye, 6 Februari

Mirang wangu,

Sikuulizi hali. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, theluji ikiingia ndani.

Nimempigia mama. Anasema barua zangu zote mbili ziko chini ya mto wako, umezifungua mwenyewe.

Nimefuta majina yetu kwenye orodha ya mashindano ya dunia. Kocha akaniuliza, "Una wazimu? Miaka saba!" Nikamwekea barua zako mbili mezani, moja kando ya nyingine. Akasoma. Akavua kofia. Timu ya tano ndiyo inayokwenda.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Ile Jumamosi asubuhi, kabla hatujapanda juu, nilikuona ukivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Ukavua, ukavaa vilevile tena. Nilikuona. Lakini mazoezini ulikuwa umesukuma kwa sekunde 5.38, na hakuna aliyewahi kunisukumia hivyo. Nikapiga magoti, nikakuvalisha viatu mwenyewe, nikafunga kamba, nikanyamaza.

Kesho nakuja kwa basi la kwanza, na barua hii mkononi, tunakwenda hospitali Gwangju wakupime kichwa. Utasema nimekunyima dunia. Sema. Na kesho kutwa ukisahau nimefuata nini huko, niulize. Ukisahau tena, niulize tena. Nitakueleza kila mara tangu mwanzo, na habari ya viatu sitairuka.

Dada yako,
Geumhui