Kitambaa Cheupe cha Nuria

Kwa mdogo wangu Khadija,

Salaam aleikum. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Mbuzi wa Gotu wamepata majani? Huku Nairobi mimi, Amina na mtoto wake mchanga tuko wazima, ila baridi inanitafuna. Maandishi haya ni ya mkono wangu, ngumbaru sikwenda bure, kwa hivyo soma polepole na usicheke.

Umeniandikia kwamba Abdi anaoa baada ya Ramadhani, na Nuria ameshatangaza atakaa kiti cha katikati kwenye picha, kiti cha nyanya. Nyanya gani? Abdi ni mtoto wa marehemu mwanangu, nimemlea mimi kwa maziwa ya mbuzi wangu. Huyo Nuria, mke mwenzangu, kazi yake ilikuwa kujipaka hina.

Unakumbuka arusi ya Amina. Mama wa bibi arusi ni mimi, lakini Nuria alikimbilia kiti changu, akaniambia, "Dada, wewe mrefu, simama kule pembeni." Nikasimama na nguo yangu nyeupe, hata mtandio mweupe, mbele ya ukuta wa chokaa wa mpiga picha. Picha ikatoka, mimi sipo! Macho na pua tu. Ameitundika sebuleni mpaka leo. Wageni wakiuliza, anawaambia, "Huyo ni ukuta."

Sasa sikiliza. Amina anapikia mama mmoja Mjapani. Siku moja nilikwenda naye, yule mama akanionyesha picha ya kwao, ya kabla babu yake hajazaliwa, nyeusi na nyeupe tu. Mlima mkubwa wa theluji, ziwa, na chini kabisa pembeni mtu mdogo mweusi amebeba kuni. Akaniuliza, "Nyanya, jicho yako kwenda wapi kwanza?"

"Kwa huyu wa kuni."

"Kwa nini? Mlima kubwa!"

"Nyuma yake ni theluji tupu. Nzi akiwa kwenye maziwa, utaacha kumwona?"

Akacheka, akamfunika yule mtu kwa kidole gumba. Wallahi, Khadija, mlima ukawa rundo la chumvi. Akaondoa kidole, mlima ukarudi. Huyo mpiga picha wa zamani hakumweka mtu wake katikati. Alimpa weusi wake na nafasi yake, basi. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa.

Kwa hivyo dereva wa lori la Merti atakuletea kitambaa cheupe, kizuri, cha Eastleigh. Mpe Nuria. Mwambie ni zawadi yangu, wanawake wakubwa wa Nairobi ndivyo wanavyovaa. Kiti akikitaka, mwachie, hata mto umwekee. Mimi nakuja na buibui nyeusi, nitasimama pembeni, na mtu asinikaribie. Nataka aitundike hiyo picha yeye mwenyewe, wageni waulize, "Yule mama ni nani?" Halafu waulize, "Na kiti hiki, mbona hakuna mtu?"

Wewe na huo mdomo wako, nyamaza. Ukimwambia hata shangazi, nitajua.

Nisalimie mzee wangu, akumbuke dawa. Nisalimie kaka yetu wa Oldonyiro, na bwana arusi mwenyewe, mwambie anyoe zile nywele. Nuria usimsalimie, mpe kitambaa tu. Halafu pita kwa mpiga picha, umwambie ule ukuta aupake chokaa mpya.

Ni mimi dada yako, nyanya wa Abdi, hakuna mwingine,

Habiba