Kiti cha Kinyozi kwa Bei ya Sabuni

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako limepunguza kelele. Sisi huku hatujambo, wakubwa kwa wadogo. Mkweo anakuamkia. Wajukuu wako nao wanakuamkia, na yule wa kike sasa amempita mama yake kimo na anajiona amemaliza dunia. Habari za huko tumezipata kwa kitinda mimba wako, kwamba mnaendelea vizuri na paa la jikoni limezibwa.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia barua wakati simu ipo. Sababu ninayo, na nitaitaja nikifika mahali pake. Kwa sasa nakuomba ukae chini uisome polepole, wala usiruke mistari kama unavyoruka habari za gazeti ili uwahi ukurasa wa mpira.

Kama nilivyokuambia mara ya mwisho tulipozungumza, nafunga duka letu la kunyolea. Ulinijibu kwamba mtu haachi kazi, kazi ndiyo humwacha mtu, kisha ukakata simu. Nilikuambia wateja wamepungua. Mwenye nyumba anakitaka chumba mwisho wa mwezi huu, maana ameshapata mtu wa kuuza vifuniko vya simu. Basi ilinibidi niuze vyote: kioo kikubwa, benchi la wateja, feni, mashine, na kile kiti chako cha chuma kinachopanda kwa kukanyagwa, ulichonikabidhi siku ulipostaafu. Nyumbani kwetu hakiingii, nimepima mlango.

Fundi redio, jirani yangu, ndiye aliyenishauri niviweke mtandaoni, kwenye ukurasa mmoja ambako watu wanauziana vitu vilivyotumika. Alisema kazi yake ni nyepesi: unapiga picha, unaandika bei, unakaa kusubiri. Hakusema kwamba unakaa kusubiri dharau. Nilipiga picha nzuri, nikafuta kioo, nikaandika bei za haki, na chini yake nikaongeza kwamba bei inazungumzika.

Baba, usije ukaandika maneno hayo mahali popote maishani mwako. Mimi nilidhani mtu mwenye adabu zake atapunguza kidogo, nami nitashuka kidogo, tukutane katikati tukapeana mikono. Kumbe kule maana yake ni kwamba mwenye mali amerukwa na akili, njooni mumkamue. Siku ya kwanza tu watu walimiminika kuuliza kama kiti bado kipo. Nikiwajibu kwamba kipo, wanaingia mitini. Sijui walikuwa wanapata nini. Labda wako watu ambao hawapati usingizi mpaka wahakikishe kwamba mahali fulani kuna kiti. Niliwajibu wote, kwa sababu wewe ulinilea hivyo.

Kioo kilimleta mwalimu mmoja wa sekondari. Alitoa nusu ya bei. Nikamwambia kwa upole kwamba nusu haitoshi. Akafikiri kidogo, akauliza kama basi ningeweza kumuuzia nusu ya kioo. Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania, baba. Alisema ukuta wake ni mdogo. Na huyo ndiye anayekabidhiwa watoto wa watu awafundishe hesabu. Mwishowe kioo kilichukuliwa na mshona nguo wa mtaa wa pili, kwa bei iliyonisikitisha lakini ilikuwa bei.

Feni ilimleta bwana mmoja mwenye gari ambalo ukiuza taa zake tu unaezeka nyumba. Aliishika, akaizungusha, akainusa. Ndiyo, aliinusa. Akasema ina vumbi, ina kelele, waya wake mfupi, na rangi yake inamkumbusha hospitali. Alipomaliza kuiponda akaanza kunibembeleza nimuuzie. Nikamuuliza kitu kibovu namna ile anakitakia nini. Akanijibu kwamba mimi sijui biashara. Muda wote huo gari lake lilikuwa linanguruma pale nje, akachoma mafuta yanayozidi kile alichotaka nimpunguzie, kisha akaondoka mikono mitupu akiwa ameridhika kwamba hakupunjwa. Watu wa namna hii ndio wanaotuita sisi maskini.

Wa benchi hakutoa hela, alitoa dua. Alisema nikimpa benchi bure nitazidishiwa, mimi na kizazi changu. Nikamwambia nitafurahi kuzidishiwa, ila mwenye nyumba hapokei kodi ya aina hiyo. Akanilaani palepale, kwa maandishi, na akaweka vikaragosi vya moto. Benchi nimewaachia majirani walikalie.

Hao wote, hata hivyo, naweza kuwasamehe, maana walifuata desturi. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mnunuzi lazima aponde. Hata kama amekipenda kitu mpaka moyo unamwenda mbio, atakishika kwa vidole viwili na kukunja pua. Chema chajiuza, lakini mnunuzi hakiri hivyo mpaka amekifikisha kwake. Mwenye mali naye anasifu kupita kiasi. Huo ndio mchezo, kila mtu anajua zamu yake.

Waliotia fora ni watu watatu waliong'ang'ania kiti. Mmoja alijiita Mfanyabiashara Mkubwa. Wa pili alijiita Kijana wa Mjini. Wa tatu alijiita Mama Mwenye Saluni. Mfanyabiashara Mkubwa alitoa bei ya mche wa sabuni. Kijana wa Mjini alitoa bei ya kipande cha sabuni. Yule mama, sijui nisemeje, alitoa bei ya povu. Nikikataa, hawaongezi. Wanasema nisimuuzie mtu mwingine, wanakuja kesho asubuhi na mapema tutaelewana ana kwa ana. Kesho inafika, nakifuta kiti, nakaa mlangoni, haji mtu. Jioni wanaomba radhi, wanasema kesho. Kwa zamu, baba, kama walinzi.

Wakati huo alikuja kinyozi wa kweli, mtu mpole, na fedha zake mfukoni. Nikamwambia asubiri, kuna watu nimewapa ahadi, na ahadi ni deni. Hakusubiri. Amenunua kiti kingine cha plastiki ngumu, kinachozunguka kama cha karani. Siku ile niliwatukana wale watatu mpaka fundi redio akazima redio zake zote anisikilize vizuri. Nilisema ukubwa wa yule mfanyabiashara uko tumboni tu. Nilisema Kijana wa Mjini mji hajawahi kuuona hata kwenye kalenda. Na yule mama, nikasema, kama kweli ana saluni, basi ni ya kunyonyolea kuku. Fundi redio aliniomba nirudie hilo la mwisho, nami nikalirudia.

Hasira ziliposhuka, jambo moja likaanza kunikereketa. Wale watatu hawakuponda. Bei yao ilikuwa ya matusi, lakini hakuna hata mmoja aliyekisema kiti vibaya. Mfanyabiashara Mkubwa aliandika kwamba chuma cha namna ile hakitengenezwi tena. Kijana wa Mjini alianza kila ujumbe kwa kuniuliza hali na kunitakia afya njema, akaweka nukta na mkato mahali pake, jambo ambalo hakuna kijana wa mji wowote anayelifanya. Nami nikaamua kumjaribu yule mama. Nikamwandikia kwamba sioni kwa nini anajisumbua, kiti chenyewe kimechakaa, ngozi imepasuka, mafuta yanavuja, labda akawatafute wauza vyuma chakavu.

Baba, yule mama aliwaka. Alinijibu kwamba kiti hakivuji ila kwa mwenyewe mvivu. Kwamba upande wa nyuma, chini ya kikalio, kuna nati inayotakiwa kukazwa kwa spana iliyofungwa kitambaa, na asiyejua hilo hastahili kukikanyaga. Kwamba ngozi ile ilishonwa na fundi viatu aliyekuwa hana mfano wake. Kwamba kiti kile kimepandisha mabwana harusi wengi kuliko gari lolote la mji huu. Mtu anayetaka kununua kwa bei ya povu alikuwa anaitetea mali dhidi ya mwenye kuiuza! Nati ile haionekani kwenye picha. Niliinama chini ya kiti nikaitafuta, nikaikuta, imelegea kweli.

Nikampigia kitinda mimba wako. Hakuwahi hata kukataa, alicheka mpaka simu ikamwanguka. Akasema ulimwita ukamwambia akufungulie akaunti kwenye ukurasa ule, na alipouliza ngapi, ukasema kama tatu hivi. Yeye alidhani unataka kununua mbuzi.

Basi sababu ya barua ndiyo hiyo. Nisingeweza kupiga simu, maana simu yako siku hizi ina watu wanne na sikujua ni nani angepokea. Na yale niliyoyaandika hapo juu, niliyaandika nikijua yanamfikia nani. Sifuti hata moja. Ungekuwa si baba yangu ningekuita mtu mzima hovyo. Kwa kuwa ni baba yangu, namwita hivyo yule mama.

Nimeelewa ulilokusudia. Ulitaka kiti kikose mtu mpaka mwisho wa mwezi unipite, nichoke, nimlambe miguu mwenye nyumba nirudi kazini. Uliona mwanao amekuwa mvivu, kazi uliyowasomeshea wadogo zake ameiona duni. Ningekuwa mimi ningefikiri hivyohivyo. Sasa nikuambie lile ambalo sikukuambia.

Wateja hawakupungua. Wapo, na wengine hata leo asubuhi wamenigongea mlango. Kilichopungua ni mkono wangu wa kulia. Unatetemeka. Ulianza kidole kimoja, nikasingizia uchovu, kisha kiganja, nikasingizia mashine. Halafu nikamkata sikio yule mzee mstaafu wa posta, mteja wako wa tangu ujana. Alijifuta kwa leso yake, akalipa, akaniachia na chenji, na hajarudi tena. Angenitukana ningelala usingizi. Daktari amesema ni mishipa ya fahamu, na kwamba dawa zitautuliza mkono kidogo lakini haziwezi kuurudisha ulivyokuwa. Kinyozi anayetetemeka akishika wembe hana tofauti na jambazi, ila huyu amevaa koti jeupe.

Bila shaka umeshaona tangu mstari wa kwanza kwamba mwandiko huu si wangu. Ni wa mkweo. Mimi nasema, yeye anaandika, na maneno mawili juu ya yule mwalimu amekataa kuyaandika.

Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyeushika mkono huu ukaufundisha kutembea juu ya shingo ya mtu bila kumwamsha. Niliona ni heri uniite mvivu. Mvivu anaweza kugombezwa akajirekebisha, nami nilipenda wewe ubaki na tumaini hilo, hata kama ni la uongo. Nina uchungu, baba. Wale wanunuzi nimewadharau mmoja mmoja kwa raha zangu, lakini asubuhi nikijaribu kumimina chai, dharau yote inanirudia mwenyewe.

Haya, turudi kwenye biashara, maana biashara haigombi. Nimeikubali bei ya Mama Mwenye Saluni, ileile ya chini kuliko zote, na simwongezi hata senti. Nina sharti moja tu. Sipeleki mzigo. Aje mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi, asitume mtu, asiniambie kesho halafu aingie mitini. Na aje na wembe wake wa zamani. Mashavu yangu yamekuwa kichaka. Mwenyewe siwezi kuyanyoa, na vinyozi wa mtaa huu, nakuambia kama mtu wa kazi, siwaamini hata kuninyoa kivuli. Nati nitakuwa nimeshaikaza, mkweo amekubali kunishikia spana. Nikikalie mara ya mwisho, ninyolewe na mtu anayejua, kisha akibebe aende nacho anakotaka.

Nisalimie kitinda mimba, umwambie ubalozi wake nimeuona. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Mkweo na wajukuu wanasema karibu sana, godoro la mgeni limeanikwa juani tangu jana. Mungu akupe safari njema na goti tulivu.

Barua yote ameandika mkweo, ila sahihi nimeona niiweke kwa mkono wangu. Ukishindwa kuisoma, ni mimi,

mwanao wa kwanza.